Wikiendi Jaisalmer na wafanyakazi wenzangu: ngome ambayo watu bado wanaishi ndani, na ugomvi wetu wa pa kulala

Chumvi Kali (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Kuna mdau kwenye uzi wa Agra aliuliza kama India ina kitu kingine cha kumwonyesha mtu aliyekwisha kupiga picha Taj Mahal. Nilimjibu kwa neno moja, Jaisalmer, akaniambia basi fungua uzi. Nimeufungua. Picha nitaziweka nikitulia, msianze kelele.

Kwa wasioijua: Jaisalmer iko magharibi ya mbali ya jimbo la Rajasthan, katikati ya jangwa la Thar. Ukiendelea mbele yake unakutana na mpaka wa Pakistan. Mji ulianzishwa mwaka 1156 na Rawal Jaisal, mtawala wa ukoo wa Bhati, wa jamii ya wapiganaji iitwayo Warajput, wale wa mapanga na masharubu. Alijenga ngome juu ya kilima kiitwacho Trikuta, kiasi cha mita 76 kutoka chini, na baadaye mji ukasambaa miguuni pake. Ngome, nyumba, mahekalu, vyote ni jiwe la manjano la palepale. Mchana linaonekana jiwe la kawaida tu lenye vumbi. Jua likianza kuinama ndipo unaelewa kwa nini wanauita mji wa dhahabu.

Safari ilikuwa ya watu wa ofisini. Mimi niko Delhi, na meza yetu ina mchanganyiko: jamaa wa Kerala aliyesomea uhandisi wa majengo, dada mmoja mzaliwa wa Delhi ambaye ndiye mpangaji wa kila kitu, Mmarwari mmoja ambaye babu zake walitokea hukohuko Rajasthan, vijana wawili wapya, na bosi. Bosi hatukumwalika. Aliona mazungumzo kwenye kikundi cha simu akaandika, "Mimi pia nahesabika?" Nani atamjibu hapana?

Tulikamata wikiendi ndefu ya Januari, ile inayoungana na Siku ya Jamhuri, tarehe 26. Kuna treni ya moja kwa moja inayotoka Delhi jioni na kufika Jaisalmer kesho yake karibu na adhuhuri. Tiketi ziwahini, maana wikiendi za sikukuu zinaisha mapema sana. Ukikosa unaingia orodha ya kusubiri, au unavizia ule mgao wa dharura wanaouita Tatkal, unaofunguliwa siku moja kabla, saa nne asubuhi kwa mabehewa yenye kiyoyozi. Ukichelewa kidogo tu umekosa.

Usiku ndani ya treni ni raha peke yake. Mmarwari wetu alikuja na chombo kikubwa cha puri na achari ya embe iliyotengenezwa na mama yake, tukala tukamaliza kabla hata hatujatoka nje ya Delhi vizuri. Asubuhi nchi imebadilika: mchanga, vichaka vya miiba, mti mmojammoja wa khejri, ngamia anatembea kando ya reli hana habari na mtu. Tulipofika stesheni ya Pokaran bosi akatuita wote dirishani. Karibu na hapo ndipo India ilipolipua mabomu yake ya majaribio ya nyuklia, mwaka 1974 na tena 1998. Nje palikuwa na mzee anauza chai. Tukanunua chai.

Sasa ugomvi. Dada wa Delhi alikuwa ameona nyumba ya wageni iliyo NDANI ya ngome: dari yake inatazama mahekalu, bei ya kawaida, maoni mazuri. Kila mtu akasema sawa, isipokuwa yule wa Kerala. Akasema yeye halali ndani ya ile ngome, na akituona sisi tumelala humo atatuhesabu kuwa ni sehemu ya wanaoibomoa. Mjadala ulianza ofisini, ukaendelea ndani ya treni. Bosi akataka tupige kura. Nje ikashinda kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa yangu.

Naendelea chini, nipumue kidogo.

Mpwa wa Kisauni

Hapo kwa bosi nimecheka mpaka mke wangu ameniuliza kuna nini. Hawa mabosi wote ni mama mmoja baba mmoja. Alilipa yake lakini, ama alikuja kubebwa?

Endelea ndugu yangu, tuko nawe.

Chumvi Kali

Mpwa, alilipa, tena gari la kwenda jangwani alitoa mfukoni mwake. Tatizo lake ni kuimba. Nitafika huko.

Tuingie ngomeni kwanza. Unapanda kwa njia iliyopindapinda yenye malango manne, moja baada ya jingine: Akhai Pol, Suraj Pol, Ganesh Pol, Hawa Pol. Yamewekwa kwa kona za ghafla ili tembo wa vita asipate mbio za kugonga mlango. Ukuta una minara 99, na mingi kati yake ilijengwa kati ya 1633 na 1647. Ukimaliza lango la mwisho unatokea kwenye uwanja mdogo wenye kasri la watawala, na hapo mtu anayetarajia makumbusho yenye kimya anapata mshangao. Kuna nguo zimeanikwa. Kuna ng'ombe kalala katikati ya njia na pikipiki inampigia honi. Kuna watoto wametoka shule, bibi anachambua dengu barazani, fundi cherehani, duka la vocha. Watu elfu kadhaa wanaishi mle ndani, wengi wao Wabrahmini (tabaka la makuhani wa Kihindu) na Warajput ambao mababu zao waliwatumikia hao watawala. Kuingia ngomeni ni bure kwa sababu huwezi kumtoza mtu kiingilio cha kwenda nyumbani kwake. Unalipa kwenye kasri na kwenye mahekalu.

Mahekalu ya Wajain (wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kuua kiumbe) yako saba, yamejengwa kati ya karne ya 12 na ya 16, yamepakana na kuunganishwa kwa vijia. Hapo sina maneno. Jiwe limechongwa wacheza ngoma, tembo, maua, hadi unasahau kwamba ni jiwe. Tahadhari: hawaruhusu ngozi ndani. Mkanda, pochi, kamba ya saa, vyote vinabaki nje. Bosi alitembea hekalu zima ameshika suruali. Halafu nendeni asubuhi, maana mchana wageni hawaingii kote.

Kuhusu vita, simulizi za Jaisalmer zinahesabu maangamizi mawili na nusu. Mawili ni pale jeshi la masultani wa Delhi lilipoizingira ngome mpaka chakula kikaisha. Wanawake wakaingia motoni kwa hiari kuliko kutekwa, wanaume wakafungua lango kwenda kufa. Ile nusu ni kisa cha Amir Ali, mtawala wa Kiafghani aliyeomba wake zake waingie kumsalimia malkia; kumbe ndani ya machela walikuwa wanajeshi. Hapakuwa na muda wa kuwasha moto, wanaume wakawaua wanawake wao kwa panga, halafu msaada ukafika na ngome ikapona. Mwongoza wageni anaisimulia kwa fahari. Dada wa Delhi alimuuliza kama wale wanawake waliulizwa. Akahamia kwenye habari za mizinga.

Binti Malindi

Ahsante kwa uzi, kaka. Mimi natoka Unguja, Mji Mkongwe, na umenigusa pale pa nguo kuanikwa. Watu wakija kwetu hushangaa vilevile, kana kwamba mji wa kale lazima uwe umekufa ndipo uwe wa kale.

Hebu tueleze, huyo mwenzenu wa Kerala alikuwa na hoja gani hasa? Kwani mgeni akilala usiku mmoja anabomoa nini?

Chumvi Kali

Dada Binti, ndilo swali nililomuuliza mimi. Nilimwuliza tukiwa wawili tu kando ya ziwa la Gadisar, kwa sababu wale wengine walikuwa wameondoka kwenda hekalu la Tanot karibu na mpaka. Mimi mgeni siwezi kwenda huko bila kibali cha ofisi ya mkuu wa wilaya, na yeye akabaki kunisindikiza. (Tanot ni hekalu ambalo wanasema mabomu ya Pakistan yalianguka hapo mwaka 1965 bila kulipuka, sasa linatunzwa na askari wa mpakani, na mabomu yenyewe yamewekwa ndani yaonekane.)

Maelezo yake nitayafupisha. Jaisalmer inapata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Mji wote ulisanifiwa kwa kuhesabu tone. Maji yalikuwa ya hapo Gadisar, bwawa la mvua ambalo mtawala Maharawal Gadsi Singh alilitengeneza upya katika karne ya 14, na wanawake waliyapandisha ngomeni kwa mitungi kichwani. Maji ukiyabeba kichwani kupanda kilima kile, huyamwagi ovyo. Yaliyobaki yalikuwa kidogo, yakikauka kwenye mifereji ya wazi ya vichochoroni.

Baadaye bomba likafika. Halafu utalii. Kila nyumba ikajenga vyumba vya wageni, kila chumba kikawa na bafu na choo cha kuvuta, na dari ikawa mgahawa wenye masinki. Mifereji ni ileile ya kale, na mabomba mapya yanavuja. Kilima chenyewe si mwamba mgumu. Ni matabaka ya mawe laini na udongo wa mfinyanzi. Ukuta umepangwa mawe juu ya mawe bila chokaa. Maji yanapenya chini, udongo unalainika na kuvimba, mnara ulioegemea hapo unaanza kuteleza. Jumba la malkia, Rani ka Mahal, liliporomoka sehemu kubwa. Ukuta wa nje umeanguka mahali kadhaa. Mwaka 1996 shirika la World Monuments Fund liliiweka ngome hii kwenye orodha yake ya majengo yaliyo hatarini, na likairudisha tena 1998 na 2000. Mwaka 2013 UNESCO wakaiandikisha urithi wa dunia pamoja na ngome nyingine tano za milimani za Rajasthan. Agosti 2024 ikanyesha mvua kubwa, kipande cha ukuta kikaanguka tena.

Kwa hiyo mji uliovumilia kiu kwa zaidi ya miaka 800 unaliwa na maji ya kuoga. Mgeni wa usiku mmoja habomoi kitu. Wageni wa kila usiku, kila dari, wanaoga asubuhi na jioni, wanabomoa. Hapo ndipo kura yangu ilipotoka, na nikirudi nitalala chini tena. Halafu kuna faida ambayo watu hawaisemi: ukilala ndani ya ngome huioni. Sisi tulikuwa kwenye dari ya nyumba ya chini ya kilima, tunakula, na ngome yote iko mbele yetu imewashwa taa.

Msema Kweli

Mtoa mada umeandika vizuri, ila hapa nakupinga na sikuombi radhi.

Ninyi mmelala nje, mmejisikia watu wema, mmerudi Delhi. Yule bibi aliyekuwa anachambua dengu barazani anakula nini? Nyumba yake imeandikwa urithi wa dunia, haruhusiwi kubadilisha dirisha bila kibali, hawezi kufuga, jangwa halilimiki. Kilichobaki ni kukodisha chumba. Halafu anakuja mtu na digrii ya majengo anasema huyo ndiye mbomoaji. Mbomoaji ni aliyeleta bomba akasahau mfereji wa kutoa maji machafu. Huyo ni serikali, na kosa halipaswi kulipwa na mama mwenye vyumba vitatu.

Binti Malindi

Msema Kweli, nakubaliana nawe nusu. Hiyo nusu nyingine nikuulize: mama mwenye vyumba vitatu ukuta ukimwangukia, tutamlipa na nini?

Sisi Unguja tunalijua hili. Mji Mkongwe umekuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na adui yao ni huyohuyo: maji. Tangi limewekwa juu ya dari ambayo boriti zake zimeoza, bomba linavuja ndani ya ukuta, kisha saruji inapakwa juu ili paonekane pazuri na unyevu unafungiwa humohumo. Beit el Ajaib ilianguka sehemu yake mchana wa tarehe 25 Desemba 2020, na mafundi walikuwa mle ndani wakiitengeneza, wawili walifariki. Hakuna aliyeamini, kwa kuwa lile jumba tulizaliwa tukalikuta.

Ninachotaka kusema: si mwenyeji wala mgeni. Nani anayelipia mfereji? Kaka, huko kwao kuna mtu analipa?

Chumvi Kali

Msema Kweli, sikatai kwamba bomba bila mfereji ni kosa la waliopanga. Na kweli niliona kazi za mabomba mapya na baadhi ya njia zikiwa zimefukuliwa. Lakini "kosa ni la serikali" halizuii maji kushuka chini. Mimi kama mgeni kitu ninachoweza kukiamua ni bafu langu liko wapi. Nikala chakula ngomeni? Hapana, nilinunua shali kwa yule mama wa karibu na hekalu, na mwongoza wageni wetu alikuwa mkazi wa ngomeni. Hela iliingia ndani, maji yakabaki nje.

Binti, kuhusu nani analipa: misaada ya nje ilifika tangu miaka ya 90, kukatengenezwa sehemu za kasri na baadhi ya njia, na idara ya serikali inayoshughulika na makumbusho ya kale ndiyo yenye jukumu la ukuta. Ila nyumba ni za watu binafsi, kila mmoja na bomba lake. Hapo ndipo inakwama.

Nzega ya Zamani

Mmeshakuwa wakali, wacha niulize la kijinga. Nimesikia hapo Jaisalmer kuna duka la bangi lenye kibao cha serikali. Kweli au stori za vijiweni?

Chumvi Kali

Kweli tupu. Liko chini karibu na lango la ngome, kibao kinasomeka kabisa kwamba limeidhinishwa na serikali. Ila si kama mnavyodhani. Sheria yao ya dawa za kulevya ya 1985 inakataza utomvu na maua ya mmea. Majani peke yake yaliachwa nje ya katazo hilo, yakaachiwa majimbo yatoe leseni. Majani yanasagwa, yanachanganywa kwenye maziwa ya mgando au biskuti. Kwao ni jambo la sikukuu za Mungu Shiva na Holi, ile sikukuu ya kupakana rangi, wazee wanakunywa. Ukikamatwa na msokoto unaenda jela kama kwetu tu.

Kuna mwenzetu mmoja alikunywa gilasi "ya kati". Simtaji cheo. Alilala njia nzima ya kwenda Sam, akaamka jua limeshazama, akauliza matuta ya mchanga yako wapi.

Mpwa wa Kisauni

HUYO NI BOSI. Wallahi huyo ni bosi.

Chumvi Kali

Sijasema kitu.

Sam yenyewe, niwe mkweli: inasifiwa kupita kiasi. Ni matuta ya mchanga kilomita kama 40 magharibi ya mji, na njiani unapita mitambo ya umeme wa upepo isiyohesabika. Ukifika, jeep mia, ngamia mia, pikipiki za magurudumu manne zinapasua mchanga, spika tatu zinapiga nyimbo tatu tofauti. Mwenye kutaka jangwa la kimya aende Khuri, kusini-magharibi, mbali kidogo zaidi, kijiji cha nyumba za udongo.

Ila Sam ndipo tulipowasikia Wamanganiyar, na kwa hilo naisamehe. Hawa ni Waislamu, waimbaji wa kurithi, baba kwa mtoto. Kwa vizazi wamekuwa wakiimba kwenye harusi na uzazi wa familia za Kirajput, ambao ni Wahindu, na ndio wanaowakumbushia hao mabwana zao majina ya ukoo wao. Mzee alikuwa na kamaicha, chombo cha nyuzi chenye tumbo la duara lililowambwa ngozi ya mbuzi, anakichua kwa upinde. Kijana wake ana vipande vya mbao viwili kila mkono, khartal, anavigonga mpaka vidole havionekani. Walianza na nyimbo za filamu kama watalii walivyotaka. Mmarwari wetu akawasogelea akawaambia kitu kwa lugha yao. Mzee akatabasamu, akabadilisha. Uliofuata sikuuelewa hata neno, ila hema zima lilinyamaza, pamoja na wahudumu. Kisha bosi akaamka, akaomba kipaza sauti.

Mzee wa Reli

Vijana, nimefuatilia. Mtoa mada hajawaambia hela ya kujenga vyote hivyo katikati ya mchanga ilitoka wapi. Ile ilikuwa bandari kavu. Misafara ya ngamia kati ya India na Sindh (sasa iko Pakistan), Uajemi na Asia ya Kati ilipita hapo, na Bhati walitoza ushuru. Kabla ya ushuru walikuwa wakipora, ambayo ni kazi ileile bila risiti. Viungo, hariri, afyuni, farasi. Wafanyabiashara wakatajirika kuliko watawala. Je, mlifika kwa akina Patwa?

Kisha Waingereza wakaikuza bandari ya Bombay, mzigo ukahamia melini na relini, misafara ikafa. Mwaka 1947 India na Pakistan zikagawanyika, njia ya Sindh ikafungwa moja kwa moja. Mji ukabaki mwisho wa barabara isiyokwenda popote. Kilichouamsha ni vita vya 1965 na 1971: jeshi likahitaji lami na reli, watalii wakaja nyuma ya jeshi. Bagamoyo ilipungukiwa na misafara hivyohivyo, baada ya Wajerumani kuhamishia shughuli Dar es Salaam na reli ya kati ikaanzia huko.

Chumvi Kali

Mzee wangu, shikamoo. Tulifika. Patwon ki Haveli ni majumba matano yaliyopangana kwenye uchochoro mmoja; la kwanza lilianza mwaka 1805 kwa amri ya Guman Chand Patwa, mfanyabiashara, na familia ikaendelea kujenga kwa miongo. Mbele yake yote ni roshani za mawe zilizochongwa kama nakshi za kofia. Madirisha ya mawe ya matundumatundu yanaingiza upepo na kuzuia jua, na wanawake wa ndani walitazama mtaa bila kutazamwa. Mmarwari wetu alisimama pale kimya kwa muda, halafu akasema babu zake waliondoka Rajasthan na lota moja (kijichungu cha chuma) ya maji kwenda kufanya biashara Calcutta. Wamarwari wengi walifanya hivyo, utajiri ukahamia mashariki, majumba yakabaki na popo mpaka serikali ilipoyachukua baadhi.

Msukuma wa Maji

Mimi kazi yangu ni umwagiliaji, Shinyanga. Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aguse kilimo. Mvua chini ya milimita 250 na watu waliishi miaka yote hiyo, walikula nini?

Na je, mlienda kile kijiji cha mashetani, Kuldhara?

Chumvi Kali

Tulienda, kiko kama kilomita 18 nje ya mji. Mkuu, majibu ya maswali yako mawili yako sehemu moja.

Kuldhara ilikuwa ya Wabrahmini wa Paliwal. Hadithi inayouzwa getini: Salim Singh, waziri wa Jaisalmer, mkatili, alimtaka binti wa kiongozi wa kijiji. Vijiji 84 vikakutana, vikahama vyote usiku mmoja, vikaacha laana kwamba asiishi mtu pale tena. Ukitembea mle ni mitaa iliyonyooka, nyumba za mawe hazina paa, hekalu, na vijana wanapiga video za kutisha mchana kweupe. Watafiti wanataja kodi zilizozidi na visima kukauka, wengine tetemeko la ardhi, na kwamba watu waliondoka kidogokidogo mwanzoni mwa karne ya 19. Salim Singh alikuwepo kweli na jumba lake liko mjini, pana juu kuliko chini, lina tausi wa mawe. Kodi zake nadhani zilitisha kuliko macho yake.

Sasa kilimo. Wapaliwal ndio mabingwa wa kitu kinaitwa khadin. Wanatafuta mteremko wa mawe unaoishia kwenye bonde. Chini ya bonde wanaweka tuta refu la udongo. Mvua chache za msimu zinateremka kwenye mawe bila kunywewa, zinakusanyika nyuma ya tuta, zinaloweka udongo. Maji yakishuka, wanapanda ngano na dengu juu ya unyevu huo wakati wa baridi, na zao linakomaa bila tone jingine. Kuna mahali milango midogo ya kutolea maji ya ziada bado inafanya kazi.

Msukuma wa Maji

Hiyo ni binamu wa majaluba yetu. Sisi tunazuia maji ya mteremko kwa matuta tupande mpunga, lakini mpunga unasimama majini. Wao wanasubiri maji yaingie ardhini kwanza ndipo wapande. Kwa mvua za Kishapu za siku hizi hiyo ya kwao ingefaa kwa dengu. Choroko pia. Uwiano wa eneo la kukusanyia na shamba ukoje, ulipata kuuliza?

Chumvi Kali

Sikuuliza mkuu. Ila kwa macho, sehemu ya mawe ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko shamba. Nitamuuliza wa Kerala, yeye alikuwa anapima kwa hatua huku wengine wakitafuta mashetani.

Dada wa Pune

Samahani kwa kuchelewa. Nasoma Pune na tunapanga kwenda na wenzangu Desemba. Naomba ya vitendo: baridi, chakula, na karatasi. Mimi sili nyama ya ng'ombe wala pilipili kali.

Chumvi Kali

Karibu dada. Nyama ya ng'ombe hutaiona, na sehemu nyingi hata kuku hakuna, kwa hiyo hilo limejitatua. Agiza dal baati churma: madonge ya ngano yaliyookwa, unayavunja, unamwagia dengu na samli nyingi mno, na pembeni unga wa ngano wenye sukari. Agiza pia ker sangri, matunda ya kichaka na maganda ya mti wa khejri, vyote vinakaushwa na kupikwa na viungo. Ni chakula cha ukame na ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Waambie pilipili kidogo, watacheka, watapunguza. Kachori yao ni ya unga iliyojazwa dengu au vitunguu, usitegemee ile ya viazi ya Forodhani.

Karatasi: pasipoti halisi na viza. Kila nyumba ya wageni inalazimika kumsajili mgeni wa nje kwa fomu ya serikali, na zile ndogo zisizo na mfumo zinakukataa mlangoni hata kama umelipa, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama wanapokea raia wa nje. Sam, Khuri na Kuldhara tulikwenda bila kibali. Tanot na Longewala, nako karibu na mpaka, usijaribu bila kibali.

Baridi usiidharau. Desemba na Januari mchana unatembea na fulana, usiku kwenye mahema ya jangwani unalala na sweta, soksi na mablanketi mawili. Mei na Juni ni kinyume, joto linapita nyuzi 45, usiende kabisa.

Kutoka Pune njia rahisi ni kufika Jodhpur kwanza kwa treni au ndege, mlale hapo, muone ngome ya Mehrangarh, halafu kilomita kama 280 za barabara nzuri hadi Jaisalmer, kama saa tano. Mtalala ndani au nje ya ngome?

Dada wa Pune

Tuko wanane. Naona tutapiga kura.